Kocha aliyetufundisha miaka 14 anaondoka, kiti chake tumpe nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa timu ya mtaani hapa Mikindani, tunacheza ligi ya wilaya. Kocha wetu ametufundisha miaka 14, na mtaa mzima unampenda. Amesema ligi ikiisha anarudi kwao Newala kuangalia mikorosho yake. Kamati imegawanyika. Wengine wanamtaka msaidizi wake, kijana wa miaka 33 aliyekulia kwenye timu hii hii. Wengine wanamtaka mchezaji wetu wa zamani aliyewahi kucheza Ligi Kuu. Mzee mwenyewe anasema atakuwa anashuka mara moja moja "kuchungulia mazoezi". Wachezaji wawili wameshatangaza kwamba akiondoka nao wanaondoka. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba katibu. Mfikishie mzee salamu zangu. Miaka 14 kwenye ligi ya wilaya, kwa posho ninazozijua mimi, si mchezo.

Umeniuliza kiti apewe nani. Nitakujibu bila kuzunguka, ila kuna kazi inayotangulia, na msipoifanya mtamleta yeyote yule na bado mtaaibika naye. Chukua daftari. Nenda nyumbani kwa mzee jioni moja, peke yako, bila wajumbe. Muulize: mwalimu, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili huwa unafanya nini? Halafu nyamaza, mwache aongee. Mambo ya nani anacheza namba sita na nani anapanda na mpira wa kona, msaidizi anayajua tayari. Wewe andika yale mengine.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kukalia kiti cha namna hiyo. Ilikuwa Masasi, zamani kidogo, timu siitaji. Nilimpokea mzee mmoja aliyependwa mpaka watoto wa mtaa walikuwa wanatembea kama yeye. Mimi nilikuwa nimetoka kozi, nina filimbi mpya na koni kumi na mbili. Mechi ya kwanza mipira ilikuwa laini kama embe bivu. Kumbe pampu haikuwa ya timu. Ilikuwa ya fundi baiskeli mmoja nyuma ya soko, naye alikuwa akimwazima mzee peke yake, kwa mambo yao ya zamani. Mechi ya pili golikipa hakutokea. Kumbe kila siku ya mechi mzee alikuwa akipita kwao alfajiri kumwomba baba mtu amwachie kijana, maana pale nyumbani shamba lilikuwa mbele, mpira nyuma. Mechi ya tatu nilimweka nahodha benchi, na habari hiyo akaipata nilipokuwa nikisoma majina mbele ya wenzake. Mzee alikuwa na desturi ya kumfuata mtu usiku wa kuamkia mechi, wakanywa kahawa wawili, akamwambia kwa sauti ya chini: kesho utapumzika, nina sababu hii na hii.

Tulifungwa zote tatu. Watu wakasema mfumo wangu mbovu. Mfumo wangu ulikuwa mzuri tu, katibu. Tatizo lilikuwa kwamba yule mzee alifanya kazi za watu watano, na mimi nilirithi moja.

Kwenu Mikindani orodha itakuwa tofauti, ila nina hakika itakuwa ndefu. Mwezi ukiwa giza, nani kati ya wachezaji wako yuko baharini usiku kucha anavua dagaa, na asubuhi anakuja uwanjani macho mekundu? Mzee anajua, ndiyo maana siku hizo hamkimbizi sana. Ukifika msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, nani anapotea wiki mbili kwenda kwa wajomba zake Tandahimba, na nani anampigia simu arudi? Pesa za jezi anapewa na nani, na mtu huyo anatoa kwa sababu ya timu au kwa sababu ya uso wa mzee? Hilo la mwisho liandike kwa herufi kubwa. Mfadhili anayetoa kwa ajili ya uso wa mtu huondoka na uso huo, msipomfuata mapema.

Usidhani haya ni ya timu za mchangani tu. Mei 2013 Alex Ferguson alitangaza kuondoka Manchester United baada ya zaidi ya miaka 26, makombe 38, na 13 kati ya hayo ni ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mrithi alimpendekeza mwenyewe, David Moyes wa Everton, akapewa mkataba wa miaka 6. Kwenye mechi ya mwisho ya nyumbani Ferguson alishika kipaza sauti akawaomba mashabiki wasimame na kocha mpya. Wakasikia, wakatundika na bango Old Trafford likimwita Moyes mteule. Haikutimia miezi 10 akafukuzwa, Aprili 2014, na bingwa mtetezi akamaliza ligi nafasi ya 7.

Nilikuwa nikizitazama mechi hizo kwenye kibandaumiza pale Chikongola, na kila Jumamosi Moyes alichekwa mpaka benchi zikayumba. Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Majira yale yale ya joto aliondoka pia David Gill, mtendaji mkuu, mtu aliyeshika usajili na mikataba. Moyes naye akaja na watu wake wa Everton, hivyo wasaidizi wa Ferguson, Mike Phelan na René Meulensteen, na kocha wa makipa Eric Steele wakafungasha. Hebu fikiri: baba kaondoka, mjomba mwenye funguo za ghala kaondoka, na ndugu wa kambo waliokuwa wakijua kila kilipofichwa nao wametolewa, yote ndani ya miezi miwili. Moyes alikuta nyumba kubwa yenye milango mingi na hakuna wa kumwonyesha swichi ya taa. Kocha ana makosa yake, sikatai, lakini ule mpango wa kubadilisha kila kitu kwa wakati mmoja ndio ninaoulaumu zaidi.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwenu ni kwamba kocha akiondoka, mtu mwingine yeyote asiondoke msimu huo. Meneja wa timu abaki. Mtunza vifaa abaki hata kama anawaudhi. Nahodha abaki na kitambaa chake. Na wewe katibu, kama ulikuwa na mpango wa kugombea udiwani, subiri kidogo.

Tofautisha na Liverpool. Jürgen Klopp alitangaza Januari 2024 kwamba msimu ukiisha anaondoka, nguvu zimemwishia. Klabu ikawa na miezi minne mizima ya kutafuta na kupanga. Ikawarudisha na kuwaleta watu wa usajili kwanza, ndipo ikamchukua Arne Slot kutoka Feyenoord. Slot hakubomoa. Dirisha lake la kwanza mchezaji wa kutumika msimu ule aliyenunuliwa alikuwa mmoja tu, Federico Chiesa, naye hakucheza sana. Timu ile ile ya Klopp, ikipunguziwa mbio na kuongezewa utulivu wa kumiliki mpira, ikachukua ubingwa wa 2024/25 zikiwa zimebaki mechi nne. Nakutajia hili kwa sababu mzee wenu amewafanyia wema ule ule wa Klopp: amesema mapema. Wengi wa umri wake huondoka siku ya kukosana. Msiupoteze muda huo kwa vikao vya kugombana.

Sasa tuje kwenye "kuchungulia mazoezi". Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo timu nyingi zinapoumia bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Liverpool hao hao, Julai 1974, walipoteza mtu aliyependwa pengine kuliko Klopp. Bill Shankly alijiuzulu miezi miwili tu baada ya kubeba Kombe la FA. Kiti akapewa msaidizi wake, Bob Paisley, ambaye mwenyewe hakuwa na hamu nacho. Shankly hakuwa na pa kwenda. Mpira ulikuwa maisha yake, kwa hiyo asubuhi akawa anakuja kwenye uwanja wa mazoezi wa Melwood. Hakuwa na hila. Alikuwa anafanya mazoezi yake, anatania na vijana. Lakini kila akitokea wachezaji walikuwa wanamwita bosi, na Paisley amesimama pale pale. Sasa ukiwa mchezaji, bosi wako ni yupi? Mwishowe ikabidi Shankly afahamishwe kwamba ni heri asije, naye akaumia sana. Mtu aliyeijenga klabu kutoka daraja la pili akajiona kama mgeni mlangoni.

Manchester United walifanya kinyume, na matokeo yakawa mabaya zaidi. Matt Busby alipong'atuka 1969 hakuondoka, alibaki ndani ya klabu kama meneja mkuu. Timu akapewa Wilf McGuinness, miaka 31, aliyekuwa mchezaji mwenza wa baadhi ya wale aliotakiwa kuwaamuru. Mchezaji akinuna alijua chumba cha Busby kilipo. Desemba 1970 McGuinness akaondolewa, Busby akarudi kushika timu mpaka msimu ukaisha, na mwaka 1974 klabu iliyokuwa bingwa wa Ulaya 1968 ikashuka daraja.

Kwa hiyo mzee wenu asije mazoezini. Nalisema kwa heshima zote, na nyie mkamwambie kwa heshima zaidi, ila mkamwambie. Msimwachie kocha mpya kazi hiyo, kijana hawezi kumfukuza mwalimu wake. Waende watu wazima wawili, wampe mkono, wamweleze: mwalimu, mzunguko wa kwanza wote tunakuomba ukae mbali na uwanja wa mazoezi, mechi njoo kama mgeni rasmi, kiti chako kipo pamoja na wazee, si kwenye benchi la ufundi. Atakubali. Wazee wa pwani hawapendi kufichwa jambo, ukiwaambia waziwazi wanaelewa upesi kuliko unavyofikiri.

Na mpeni kazi. Mtu aliyetumikia miaka 14 hatolewi mikono mitupu. Kama ana nguvu, akishuka kutoka Newala apewe yosso, wale wa chini ya miaka 15, siku zao na uwanja wao tofauti na wakubwa. Huko atang'aa, hatamzibia mtu njia. Muagane naye hadharani: mechi ya kirafiki, ngoma, maneno machache, zawadi. Ningependa ifanyike minada ya korosho ikiwa imeanza, kuanzia Oktoba, watu wakiwa wameshaona pesa kwenye akaunti zao. Mchango wa Novemba na mchango wa Aprili si ndugu, hilo hunihitaji mimi nikufundishe.

Basi, nani? Mimi ningempa msaidizi.

Najua umri wake unakutia wasiwasi baada ya habari za McGuinness. Lakini tazama tofauti. Paisley naye alikuwa msaidizi. Alikuwa pale Liverpool tangu 1939, akacheza, akawa mtaalamu wa viungo, akawa kocha, anajua kila goti la kila mchezaji. Alichukua ubingwa wa ligi mara 6 na Kombe la Ulaya mara 3 ndani ya miaka 9. Wote wawili walitoka ndani. Kilichowatenganisha ni kwamba Paisley aliachiwa nyumba, McGuinness aliachiwa chumba. Mkimpa kijana timu, mpeni yote: apange kikosi bila kupigiwa simu na mjumbe, amweke benchi mtoto wa mwenyekiti, achague siku za mazoezi. Kama kamati haiwezi hilo, msimpe kabisa, mtamharibia jina bure.

Kuna jambo la wenzake wa umri. Ana miaka 33, na nina hakika ndani ya kikosi kuna mtu wa miaka 31 aliyewahi kupika naye ugali kambini. Huyo ndiye mtihani wake wa kwanza. Mwambieni kijana aende kwake kabla ya siku ya kwanza, waongee kiume, ajue rafiki anabaki rafiki mpaka mstari wa chokaa.

Kuhusu yule wa Ligi Kuu: simdharau. Wapo waliocheza juu wakawa makocha wazuri. Ila mara nyingi kamati ikimtaka mchezaji mwenye jina, inachotaka hasa ni picha ya kuposti. Muulizeni mambo matatu tu. Ana leseni gani? Za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinaanzia D, na chama cha soka cha wilaya kitawaeleza wanadai ipi. Amewahi kufundisha timu gani msimu mzima, kuanzia jua kali mpaka matope? Na yuko tayari kuja Jumanne saa kumi alasiri wakati wachezaji waliofika ni saba? Akijibu vizuri yote matatu, nitakubali nimekosea, mpeni. Akianza kusimulia bao alilofunga pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, mpeni nafasi ya balozi wa timu, inamfaa.

Akija, asije na kinywa. Mwaka huo huo wa 1974, mwaka wenye mafunzo yote haya, Leeds United walimpoteza Don Revie aliyeitwa kufundisha timu ya taifa, wakamleta Brian Clough, fundi haswa. Clough aliingia akiwaambia mabingwa wale kwamba medali zao hazikupatikana kwa haki. Alikaa siku 44. Sitaki kusikia kocha wenu mpya akisema "zamani hapa mlikuwa mnabutua tu". Hata kama ni kweli. Hasa kama ni kweli.

Utaniuliza kama mifano ni ya Wazungu tu. Hapana. Nasreddine Nabi alipoondoka Yanga Juni 2023, nilikuwa na jamaa zangu wa kijani hapa mjini waliokaa kama wamefiwa. Mtu amewapa ubingwa mara mbili mfululizo, mechi 49 za ligi bila kupoteza, na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika waliyoikosa kwa bao la ugenini mbele ya USM Alger. Pamoja naye wakaondoka Fiston Mayele, mfungaji wao, na Feisal Salum. Akaja Miguel Gamondi, Mwarjentina ambaye vibandani wengi walikuwa hawamjui. Novemba 5 mwaka huo huo akawapiga Simba 5-1, msimu ukaisha na ubingwa na Kombe la Shirikisho la TFF, na Afrika wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kwa nini hawakuanguka? Kwa sababu Djigui Diarra bado alikuwa golini, Job na Mwamnyeto bado wako nyuma, Aucho bado yuko katikati, Aziz Ki akafunga mabao 21, na viongozi waliosajili ni wale wale. Novemba 2024 Gamondi naye akaachishwa, na bado Juni 2025 Yanga walibeba taji wakiwa wametumia makocha watatu ndani ya msimu mmoja. (Mimi ni Simba, katibu. Unaweza kufikiri inavyoniuma kuandika aya hii.)

Hata majirani zetu wa Ruangwa. Namungo ilipanda, na msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2019/20, ikiwa na Hitimana Thierry ilimaliza ya 4 na kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF kule Sumbawanga, wakafungwa na Simba 2-1. Msimu uliofuata haujafika mbali, kiti kikahamia kwa Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco, naye akawafikisha makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Wachezaji wawili wanaotishia kuondoka: msiwabembeleze kwenye kikao, na msiwatukane. Mara nyingi mchezaji anayesema hivyo anaomboleza tu, na hajui namna nyingine ya kusema. Mwacheni mzee mwenyewe awaambie wabaki, hiyo iwe kazi yake ya mwisho kama kocha. Mmoja atabaki. Wa pili akienda, mmeokoa jezi.

Uvumilivu uandikeni. Paisley mwenye makombe yote yale alimaliza msimu wake wa kwanza bila ubingwa, bila kombe kubwa lolote. Kwenye muhtasari wa kikao cha kumteua kocha wenu andikeni kwamba hatajadiliwa mpaka mzunguko wa kwanza uishe, na wajumbe wote watie saini. Mkifungwa mbili za mwanzo, na huenda mkafungwa, kuna mtu atasimama kusema wakati wa mzee haya hayakuwepo. Yalikuwepo. Mwaka wa kwanza wa mzee hamkuwa mnahesabu. Na atatokea mwingine wa kutaka kuita ile "kamati ya ufundi", ile ya waganga, isiyo na ubao wala koni. Pesa hiyo nunueni mipira miwili.

Ligi yenu bado inaendelea, kwa hiyo anzeni sasa. Kwenye mechi zilizobaki mzee ampe msaidizi mechi mbili aongoze yeye, yeye mwenyewe akae jukwaani na wazee, ng'ambo ya uwanja, mbali kiasi cha kutosikika akipaza sauti. Mtaona wachezaji wanageuza shingo kumtafuta nani wakifungwa bao.

Na jioni hiyo ya daftari, kabla hujaaga, muulize mzee pampu ya mipira iko kwa nani.